Mratibu wa Ujenzi na Mnyapara: Historia ya Kazi ya Pamoja katika Milima ya Usambara

Katika kila kazi inayofanywa na watu wengi kwa pamoja kuna kazi moja isiyoonekana. Jiwe linaonekana, tofali linaonekana, mtaro unaonekana. Lakini yule aliyehakikisha kwamba mchanga umefika kabla ya fundi, kwamba fundi amefika kabla ya masika, na kwamba watu walioitwa Jumatano si wale wale walioitwa Jumatatu, kazi yake haijulikani mpaka siku inapokosekana. Hapo ndipo wananchi huanza kuulizana kwa nini boma la darasa limesimama miaka mitano bila paa, hali kila mmoja wao aliwahi kubeba mawe yake. Mtu huyo siku hizi tunamwita mratibu wa mradi. Zamani aliitwa kwa majina mengine, na baadhi ya majina hayo wazee wa Lushoto hawakuyapenda hata kidogo.

Makala haya yanachunguza historia ya kazi hiyo katika Wilaya ya Lushoto na milima ya Usambara kwa jumla. Milima hii inafaa kwa uchunguzi wa namna hiyo kwa sababu kila utawala uliopita hapo uliacha alama ya jasho la watu juu ya mteremko au chini yake: reli, barabara, matuta, madarasa, makinga maji. Mteremko ni ule ule, mvua ni ile ile, na wanaochimba ni watu wa ukoo ule ule. Kilichobadilika ni mtu anayewaita kazini, na yule ambaye mtu huyo alipaswa kumpelekea hesabu.

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe yafaa tuweke wazi jambo moja la nadharia, kwa maana bila hilo tutachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali. Karl Marx, alipokuwa akichambua usimamizi wa kazi katika kiwanda cha kibepari, alionyesha kwamba ndani ya msimamizi mmoja mna kazi mbili. Ya kwanza inatokana na kazi yenyewe: popote watu wengi wanaposhirikiana, lazima awepo mtu wa kulinganisha mwendo, kama vile kundi la wapiga muziki lisivyoweza kwenda bila kiongozi wake. Ya pili inatokana na uhasama uliopo kati ya anayefanya kazi na anayemiliki matunda ya kazi hiyo. Hapa msimamizi hasimami ili kulinganisha mwendo, bali ili kuhakikisha kwamba nguvu inakamuliwa. Bepari huzichanganya kazi hizi mbili makusudi, ili ya pili ionekane kuwa ni ya lazima kama ya kwanza. Kwa Kiswahili chetu sisi tunayo bahati ya kuwa na maneno mawili: mratibu na mnyapara. Mtu mmoja aweza kuwa yote mawili katika siku moja.

Tuanze na Vuga. Huo ndio uliokuwa mji mkuu wa Wakilindi, ukoo uliotawala Shambaai tangu karne ya 18. Krapf alifika katika nchi hiyo mwaka 1848, Burton na Speke wakafika Vuga mwaka 1857, siku za Kimweri ye Nyumbai, ambaye utawala wake ulienea hadi pwani. Nyumba za mfalme zilijengwa na mashamba yake yalilimwa kwa nguvu za raia walioitwa kazini, na vyakula na mifugo ya ushuru ilipanda mlima kwenda kwake. Tusijidanganye kwamba huo ulikuwa ujamaa. Ulikuwa ukabaila, na mtoto wa mtumwa aliyefanya kazi Vuga hakuwa na sauti yo yote.

Hata hivyo, katika fikra za Washambaa mtawala alikuwa na deni. Kwa lugha yao walitofautisha kuzifya shi, yaani kuitengeneza na kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu na asiye na mpinzani aliaminiwa kuleta mvua na shibe. Wakubwa wakigombana, nchi huharibika. Sisi hatuna haja ya kuamini uganga wa mvua ili tuone maana ya kisiasa iliyofichika humo. Aliyewaita watu kazini alipimwa kwa hali ya nchi: je, watu wamekula? Kipimo hicho kilikuwa kikali kuliko vipimo vingi vilivyofuata, maana hakuna njia ya kukijaza kwa uongo katika daftari. Kipimo hiki tutakutana nacho tena mbele.

Baada ya kifo cha Kimweri, mnamo mwaka 1862, nchi iliingia katika vita vya wana wa mfalme, na biashara ya watumwa na bunduki ikapanda kutoka bonde la Pangani. Wajerumani walipokuja waliikuta imegawanyika. Mwaka 1895 walimnyonga mtawala Mputa. Mahali palipoitwa Lushoto wakapaita Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao, wakajenga boma, na walowezi wakaanza kugawiwa mashamba.

Kazi yao kubwa ya ujenzi ilikuwa reli. Ilianza Tanga mwaka 1893 chini ya kampuni binafsi ya Kijerumani. Ikafika Muheza mwaka 1896, umbali wa kilometa 40 tu, na hapo kampuni ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni iliichukua mwaka 1899. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, jumla ya kilometa 352 toka Tanga. Iliitwa Reli ya Usambara, lakini haikupanda Usambara. Ilipita chini ya milima na kungojea mazao na watu washuke. Kutoka Mombo ilifunguliwa barabara ya kupanda Soni hadi Wilhelmstal, na kutoka misitu ya Shume kampuni moja ya mbao ilitandika waya wa angani hadi Mkumbara ili magogo ya mwangati yateremke moja kwa moja relini. Kwa upande wa ufundi, yeyote aliyeuona ukuta ule wa mlima hawezi kukataa kwamba ilikuwa kazi ya maarifa. Mteremko wote wa ujenzi huo, hata hivyo, ulielekea upande mmoja: bandari ya Tanga.

Nguvu kazi ilipatikanaje? Kodi ilikuwa ya kwanza. Lakini kodi peke yake haikutosha, maana Mshambaa aliweza kuuza mahindi au tumbaku yake akalipa kodi bila kumwona mlowezi. Basi mnamo mwaka 1907 katika Wilaya ya Wilhelmstal uliwekwa utaratibu wa kadi. Kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kufanya kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyeijaza kadi alichukuliwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali, ambazo nyingi zilikuwa barabara na ujenzi.

Yafaa tuitazame kadi hii kwa makini, kwa sababu ndiyo chombo cha kwanza cha uratibu wa kisasa kilichowahi kuonekana Lushoto. Inaonyesha jina na siku. Inamwezesha mtu mmoja mwenye kalamu kujua watu elfu wako wapi. Kwa ufundi ni kifaa kile kile anachokishika mratibu wa leo katika daftari lake la mahudhurio. Lakini angalia kinachokosekana ndani yake: haionyeshi kazi iliyofanyika wala aliyefaidika nayo. Inahesabu siku za mtu, basi. Na ona jinsi ujenzi wa umma ulivyofanywa kuwa adhabu. Barabara, ambayo kwa haki ni kitu cha kumfaa kila mtu, iliingia katika akili za watu kama mahali anapopelekwa yule aliyekamatwa. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga utaratibu wa kipande cha siku 30 uliendelea baada ya Wajerumani kuondoka, na nyuma ya kipande alisimama mnyapara.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe ambacho ndicho kiini cha makala haya, yaani matuta.

Waingereza waliwarudisha Wakilindi madarakani katika miaka ya 1920 chini ya mtindo wao wa kutawala kupitia machifu. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali yao iliingiwa na wasiwasi mkubwa juu ya mmomonyoko wa udongo. Wasiwasi huo haukuwa wa uongo. Walowezi na misitu ya serikali vilikuwa vimechukua sehemu kubwa ya ardhi, watu waliongezeka, na mashamba yalipanda kwenye miteremko ambayo zamani iliachwa ipumzike. Mwaka 1946 ulianzishwa mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa kuwa Mpango wa Usambara kwa wilaya nzima. Mwaka 1947 aliwekwa chifu mkuu mpya, Kimweri Mputa Magogo, naye na machifu wadogo wakabebeshwa jukumu la kuutekeleza.

Amri zilikuwa nyingi, lakini iliyouma ilikuwa ya matuta. Kila mlipa kodi alitakiwa kila mwaka kujenga matuta ya kukingama mteremko katika kiasi fulani cha shamba, tena yafungwe kwa vituta vidogo katikati, hata shamba likawa kama visanduku vya kushikia maji ya mvua. Asiyetimiza alipelekwa kwenye baraza la chifu akatozwa faini. Sheria ilikataza pia kulima miteremko mikali na kingo za mito, na ng'ombe wakawekewa vikwazo.

Nani alikuwa mratibu wa ujenzi huu? Karatasini alikuwa afisa kilimo wa Kizungu. Shambani alikuwa bwana shamba mwenye kamba ya kupimia, akifuatana na mtu wa chifu. Bwana shamba huyu mara nyingi alikuwa kijana wa Kiafrika aliyesoma. Alifahamu lugha na aliijua mvua. Lakini alipaswa kupeleka Lushoto hesabu ya matuta, si hesabu ya magunia. Hapa ndipo kazi zile mbili tulizozitaja zilipogongana ndani ya mtu mmoja. Kama mratibu alipaswa kuuliza: je, kituta hiki kinafaa kwenye mteremko huu? Kama mnyapara alipaswa kuuliza: kimejengwa au hakikujengwa? Serikali ilimlipa mshahara kwa swali la pili.

Matokeo yake yanajulikana. Kilimo cha Washambaa kilikuwa cha mseto: migomba, mahindi, maharage na mengineyo katika shamba moja, majani yakifunika udongo. Matuta yalitaka shamba liwe wazi na lipangwe mistari. Kwenye mteremko mkali kisanduku kikijaa maji na kupasuka, maji hushuka kwa kishindo na kuchukua udongo kuliko kama kisingekuwapo. Tena matuta hayakuwa kazi ya mara moja, maana yalidai kurekebishwa mwaka baada ya mwaka. Na mikono iliyobaki kijijini ilikuwa ya nani? Wanaume wengi walikuwa katika mkonge kule bondeni. Amri ilimtaja mlipa kodi, ambaye ni mwanamume, lakini jembe lilishikwa kwa sehemu kubwa na mkewe. Katika mabaraza yaliyopanga mpango huo mwanamke huyo hakuwa na kiti.

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi ambalo wataalamu hawakuliona. Shambaai maskini aliishi kwa kuazima shamba. Mwenye ardhi ya ziada humpa jirani alime msimu mmoja au miwili, na ushirikiano huo ndio uliozuia njaa. Sasa nani atajenga matuta kwa jasho lake juu ya ardhi ya kuazima? Na mwenye ardhi naye, akimwona mwazimaji amejenga, ataanza kuogopa kwamba kesho atadai ni yake. Hivyo mpango uliokusudiwa kuokoa udongo ulikata kamba iliyomshikilia mnyonge. Juu ya hayo watu waliwatazama walowezi waliowazunguka wakajiuliza kwa nini Mzungu ana huruma kiasi hiki na shamba lao. Wengi waliamini kwamba ardhi inatengenezwa ili ichukuliwe. Tukikumbuka historia yao, walikuwa na kila sababu ya kuamini hivyo.

Kwa hiyo kipimo cha zamani kikarudi. Watu walisema kwamba machifu wanaiharibu nchi. Mtawala ambaye kwa desturi alipaswa kuiponya nchi sasa alikuwa akiwatoza watu wake faini kwa ajili ya udongo wao wenyewe, na daftari lake lilijaa wakati ghala lilikuwa tupu. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, katika Usambara haikuhitaji kuwafundisha wakulima maana ya kutawaliwa. Matuta yalikuwa yamekwisha wafundisha. Upinzani ulikuwapo kabla ya chama. Chama kiliupa umbo na kuuunganisha na wa mahali pengine. Kule Uluguru, ambako mpango wa namna ile ile ulilazimisha ngazi za udongo milimani, watu waliandamana mwaka 1955, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Usukumani nako amri za kilimo na mifugo ziliwaunganisha wakulima dhidi ya serikali. Mnamo mwaka 1957 na 1958 Mpango wa Usambara ukatelekezwa.

Wako wanaosimulia kisa hiki kana kwamba wakulima walikataa maendeleo kwa ujinga, na wengine kana kwamba walikataa kazi. Yote mawili si kweli. Watu hao hao kwa miaka yote hiyo waliendelea kualikana mashambani, kujengeana nyumba na kutengeneza njia za vijiji vyao. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji kama inavyoitwa katika nchi ya milima ya Upare na Usambara, haukufa siku matuta yalipokuwa yanabomolewa. Walichokataa ni mnyapara aliyevaa nguo za mratibu.

Baada ya Uhuru lilizuka tatizo ambalo makada wa leo wangefaa walifikirie sana. Viongozi wa TANU Lushoto walikuwa wamepata nguvu kwa kuwaambia watu wasichimbe. Sasa iliwapasa kuwaambia wachimbe. Wito wa kujenga taifa kwa kujitolea ulitaka barabara, shule na zahanati, na aliyesimama mbele ya umati na orodha mkononi alikuwa kiongozi wa chama. Kwa miaka ya kwanza kazi ilikwenda kwa moyo, kwa sababu tofauti ilikuwa wazi: shule ile ilikuwa ya watoto wa wale wale waliobeba mawe. Machifu walikuwa wameondolewa, kamati za maendeleo za vijiji zikaundwa, na balozi wa nyumba kumi akawa ndiye anayejua nani mgonjwa, nani ana mtoto mchanga, nani yuko safarini. Huo ni uratibu wa kweli, maana hakuna daftari la wilayani linaloweza kujua kwamba mke wa fulani amejifungua jana.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea ubwana wa viongozi na kudai kwamba watu washirikishwe katika kupanga maendeleo yao. Lakini mwaka uliofuata, 1972, ulipokuja mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na mahali pake wakawekwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya pamoja na maafisa mipango. Nia iliyotangazwa ilikuwa kuyashusha madaraka yawafikie wananchi. Kwa kweli wataalamu walishuka kutoka Dar es Salaam wakafika mkoani, na madaraka yakaishia hapo walipokaa wao. Mwaka huo huo ulianza mpango wa maendeleo vijijini wa Mkoa wa Tanga kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, maarufu kwa kifupi chake TIRDEP. Magari yaliongezeka, mipango iliandikwa vizuri. Mratibu wa ujenzi wa kijijini, hata hivyo, sasa aligeuza uso wake kumtazama afisa mipango.

Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilijaribu kuligeuza hilo. Iliunda halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiozidi 25, na miongoni mwa kamati zake imo ya ujenzi na usafirishaji. Mtu asiyeijua milima aweza kushangaa kwa nini mambo haya mawili yaliunganishwa. Aliyewahi kupandisha mfuko wa saruji kutoka Mombo hashangai. Pale Soni barabara inapojikunja kando ya maporomoko, na huko juu njia za vijiji zinapogeuka utelezi wakati wa masika, ujenzi wenyewe ni usafirishaji. Mawe, mchanga, matofali na mbao kijiji kinavyo. Saruji, misumari, nondo na bati hutoka chini. Saruji ya nchi yetu ilianza kutengenezwa Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966, na kiwanda cha Tanga kilifunguliwa mwaka 1980. Mratibu wa Lushoto ana kalenda tatu za kulinganisha: ya lori, ya mvua na ya jembe. Akiwaita watu wakati wa kupanda maharage atapata wachache na lawama nyingi. Akiwaita kiangazi, watu watajaa, lakini kama saruji haijafika watakaa juu ya mawe na kupiga soga, na siku ya pili hawatarudi.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote, na ilipofika Novemba 1977 watoto wote wenye umri wa kwenda shule walitakiwa wawe na nafasi. Vijiji vikajenga. Halafu ikaja vita ya 1978 hadi 1979 dhidi ya Idi Amin, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikatoweka, na saruji na bati vikawa vitu vya kupatikana kwa kibali. Hapo ndipo nchi yetu ilipozoea mandhari ya boma: kuta za darasa zilizopanda hadi kwenye lenta, zikingojea paa ambalo serikali iliahidi. Masika mawili matatu yakipita, ukuta wa tope unaanza kurudi ardhini.

Ni rahisi kulaumu uhaba, na uhaba ulikuwapo. Lakini tazama sura ya mkataba wenyewe: wananchi wajenge hadi lenta, serikali imalizie. Ni mikono miwili, na hakuna mtu aliyepewa kazi ya kuifunga pamoja. Mkono wa wananchi ulianza kwanza na kuonekana. Ule wa serikali ulikuja kama fedha zipo. Kwa lugha ya siasa, hatari yote ilibebwa na upande ulio maskini. Mwananchi aliyeona jasho lake likibomoka kwa mvua, akiitwa tena mwaka ujao, anapochelewa msaragambo haifai kumwita mvivu. Na kiongozi anapoanza kutoza faini ya mbuzi au kuku kwa wasiofika, huku boma la mwaka juzi bado halina paa, basi asishangae wazee wakilikumbuka baraza la chifu.

Kisa cha mwisho kinaturudisha kwenye udongo ule ule wa Mlalo na jirani zake. Mwaka 1981, chini ya mpango wa Tanga tulioutaja, ulianzishwa mradi wa kuzuia mmomonyoko na kilimo mseto na miti, SECAP, ambao ulidumu hadi mwaka 2000. Ulikuwa na tatizo lile lile la mwaka 1946: mteremko mkali, watu wengi, udongo unaoshuka mtoni. Tena ulikuja ukiwa na mtaalamu wa Kijerumani na bwana shamba mwenye kamba. Mkulima mwenye kumbukumbu alikuwa na haki ya kusema tumekwisha waona hawa.

Tofauti ilikuwa katika kitu kilichotandazwa kwenye mstari. Badala ya kituta cha udongo kitupu, mradi ulihimiza kingo za kukingama mteremko zilizopandwa majani ya guatemala pamoja na miti, ikiwamo ya matunda, na ukaunganisha kingo hizo na ufugaji wa ng'ombe wa ndani. Majani yalizuia udongo, ng'ombe akala majani, samadi ikarudi shambani, maziwa yakaenda kwa mtoto na mengine sokoni. Kwa maneno mengine, kazi ya hifadhi ilileta matunda ambayo mchimbaji mwenyewe aliweza kuyaona bila kungoja miaka. Bwana shamba alipopita hakuhitaji kuhesabu mistari tu. Ng'ombe mwenyewe alikuwa shahidi kwamba majani yamekatwa na kupandwa. Baadaye palipofaa watu walichimba makinga maji ya fanya juu na ngazi, kazi nzito kuliko matuta ya mkoloni, na hakuna polisi aliyeitwa.

Tusiupambe mradi huo kupita kiasi. Fedha zake zilitoka nje, na mwenye ng'ombe alifaidika upesi kuliko asiye naye. Yule wa ardhi ya kuazima hakupata jibu mwaka 1981 kama alivyokosa mwaka 1946, kwa sababu hakuna anayepanda mti katika shamba la mtu mwingine. Mratibu mwema hawezi kutibu kwa kamba ya kupimia tatizo ambalo ni la umiliki.

Katika miaka ya karibuni serikali imerudi kujenga kwa njia ya fosi akaunti, ambapo shule au kijiji hununua vifaa na kuajiri mafundi chenyewe badala ya kumpa kazi mkandarasi. Mwaka 2021, kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotolewa kwa ajili ya kukabiliana na UVIKO-19, yalijengwa nchini madarasa 15,000 kwa miezi michache, na sehemu kubwa yalijengwa hivyo. Kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi huundwa na watu wa hapo hapo. Mara nyingi mwalimu mkuu hujikuta mratibu wa ujenzi bila kufundishwa kazi hiyo, huku simu ya wilayani ikimuuliza kila jioni umefika asilimia ngapi.

Swali hilo la jioni tumekwisha lisikia. Ndilo aliloulizwa bwana shamba wa Mlalo. Halina ubaya kama siyo la pekee, kwa sababu mwenye fedha ana haki ya kujua fedha yake imefika wapi. Lakini liko swali la pili ambalo kwa sheria zetu lina mahali pake pa kuulizwa, nalo ni mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Mwanamke aliyebeba mchanga ana haki ya kusimama pale na kuuliza mifuko mingapi ilipanda kutoka Mombo na mingapi imeingia ukutani. Katika vijiji ambako mkutano huo hukaa kwa wakati wake, mratibu hulazimika kuwa na madaftari mawili, moja la kupeleka wilayani na moja la kusomwa hadharani, na tarakimu zake zikitofautiana watu hujua siku hiyo hiyo.